Uzi: Ukichagua kidhibiti, umeshachagua pia mahali pa kuweka hali

Fundi wa Kamalondo, Lubumbashi

Ndugu zangu, jambo. Wiki iliyopita nilipoteza siku mbili nzima nikitafuta kosa ambalo dawa yake ilikuwa mistari minne tu ya msimbo. Humu ndani naona mmoja anauliza ni kidhibiti gani, yaani kipande cha ukurasa ambacho mtumiaji anakibonyeza au kukiandikia, kizuri cha kuchagulia tarehe, na mwingine, katika uzi mwingine kabisa, anauliza hali ya programu ya wavuti, yaani yale inayoyakumbuka ikiwa inatumika, iwekwe wapi. Naomba nieleze kwa kirefu kwa nini siku hizi mimi nayahesabu hayo kuwa swali moja.

Programu ninayoizungumzia ni ya depo ya dawa iliyoko komini ya Kenya, hapa Lubumbashi. Keshia anaandika jina la dawa, anaichagua, anaweka idadi, bei inatokea kwa dola na kwa faranga, kisha ankara inachapishwa. Dawa ni zaidi ya elfu moja, kwa hiyo orodha kunjuzi ya kawaida ya HTML haikutufaa, maana hakuna keshia atakayeteremsha majina elfu moja huku mteja amesimama mbele yake. Nilijaribu kwanza `datalist`, ambayo kivinjari kinaitoa bure, lakini inamruhusu mtu kuandika neno lolote hata kama halimo katika orodha, tena inarudisha maandishi matupu wala si namba ya utambulisho wa dawa. Ndipo nikatengeneza kidhibiti changu mwenyewe: kisanduku cha kuandikia, na chini yake orodha inayojichuja kadiri herufi zinavyoongezeka. Kilipendeza, na nilijisifu nacho.

Siku moja keshia alichagua amoksisilini ya miligramu 500. Mteja akatazama tena karatasi ya daktari akasema hapana, ni ya 250. Keshia hakufuta jina lote akachagua upya. Alirudi nyuma kwa kibodi, akafuta 500, akaandika 250, akabonyeza Tab kwenda kwenye idadi. Kwenye skrini palisomeka 250, lakini ankara ilitoka na 500, kwa bei ya 500. Aliyekuwa akitoa dawa rafuni alishangaa, akauliza, na kosa likakamatwa kabla mteja hajaondoka. Mama mwenye depo aliponiita aliniwekea ankara na boksi la dawa mezani, kimoja kando ya kingine, wala hakusema neno. Hapakuwa na haja.

Ndani ya kidhibiti changu mlikuwa na vitu viwili: maandishi yanayoonekana, na namba ya dawa iliyochaguliwa, isiyoonekana. Maandishi yalibadilika na namba ikabaki ile ile. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi tatizo langu lilikuwa la upande wa pili, kwa sababu nilikuwa na madaftari mawili kwa mali moja, na hakuna aliyekuwa na kazi ya kuyalinganisha.

Orodha kunjuzi ya kawaida haiwezi kukufanyia hivyo, kwa kuwa kile inachokionyesha na kile inachokituma havitenganiki. Anayeiacha na kujitengenezea ya kwake ameanzisha ghala dogo la hali ndani ya ukurasa, akitaka asitake, na kuanzia siku hiyo anapaswa kuamua nani ni mwenye kila thamani. Katika kesi yangu nimeamua hivi. Maandishi ni ya muda, ni mali ya kidhibiti, na yanaweza kufa mtu anapoondoka kwenye kisanduku. Namba ya dawa ni mali ya fomu, na kidhibiti hakiruhusiwi kubaki na nakala yake. Herufi moja tu ikibadilika baada ya kuchagua, kidhibiti kinaiambia fomu papo hapo kwamba sasa hakuna dawa iliyochaguliwa, na keshia akiondoka bila kuchagua upya, kisanduku kinabaki kitupu na kitufe cha kuuza hakikubali. Hiyo ndiyo mistari minne niliyoitaja.

Wanaotumia React, maktaba ya kujengea kurasa, wanajua kwamba kuna kidhibiti kinachoendeshwa kutoka nje, yaani thamani inatoka kwa mzazi na kila badiliko linarudishwa kwa mzazi, na kuna kinachojiendesha chenyewe, ambacho unakiuliza thamani mwishoni tu. Vyote viwili ni halali. Kinachoua ni kile cha nusu kwa nusu, ambacho kinapokea thamani ya mwanzo kutoka nje, kinainakili katika hali yake, kisha hakisikilizi tena. Changu kilikuwa na ugonjwa huo pia: keshia akifungua rasimu ya mteja mwingine, kisanduku kiliendelea kuonyesha dawa ya mteja aliyetangulia. Mtu akikupendekezea maktaba ya vidhibiti, usitazame rangi na kona za mviringo kwanza. Jaribu kuibadilisha thamani kutoka nje baada ya kidhibiti kuchorwa, uone kama kinatii.

Kwa fomu ya kupeleka dawa nyumbani nilikataa kabisa kutengeneza kidhibiti, ingawa mwenzangu alitaka vyote vifanane. Komini za jiji letu ni 7: Annexe, Kamalondo, Kampemba, Katuba, Kenya, Lubumbashi na Rwashi. Kwa majina 7, orodha ya kawaida inatosha na kubaki. Inaitikia mishale ya kibodi, inaruka mtu akibonyeza herufi ya kwanza, kwenye simu ya Android inafungua orodha kubwa inayofaa kidole gumba, na wanaotumia programu za kusoma skrini wanaielewa. Nilipojenga ile ya dawa ilinibidi niyaandike hayo yote kwa mkono, pamoja na sifa za ARIA za kuziambia programu hizo kwamba orodha imefunguka au imefungwa na mstari upi umeangaziwa, na hadi leo sina hakika kwamba nimeyamaliza.

Jambo la mwisho kabla sijawaachia nafasi ni faranga. Bei zetu zimewekwa kwa dola, na kiwango cha kubadilishia kinaweza kusogea asubuhi na kusogea tena jioni. Mwanzoni nilihifadhi jumla kwa dola, jumla kwa faranga, na kiwango, vitu vitatu katika hali, na kila mara kimoja kilisahaulika nyuma. Sasa rasimu inashika idadi na bei ya dola peke yake, na faranga zinakokotolewa kila ukurasa unapochorwa. Lakini ankara ikishalipwa mambo yanageuka: kiwango cha saa ile kinaandikwa pamoja nayo katika hifadhidata na hakiguswi tena, la sivyo mteja akirudi kesho na karatasi yake atakuta kompyuta inadai kiasi kingine. Kiwango ni kile kile, ila kwenye rasimu ni cha kusoma tu na kwenye ankara ni sehemu ya ushahidi.

Mzee wa Ibanda, Bukavu

Mdogo wangu, umeandika vizuri, lakini msidhani kwamba ugonjwa huu umezaliwa na React. Mimi nilitunza kwa miaka mingi mfumo wa stoo wa kampuni moja hapa Bukavu, ulioandikwa kwa ASP.NET Web Forms, zana ya Microsoft ya kujengea kurasa za wavuti iliyotoka mwaka 2002, na tuliyapitia hayo hayo kwa majina mengine.

Kule kulikuwa na aina mbili za vidhibiti vya kujitengenezea. Ya kwanza ni kipande cha ukurasa unachokiandika katika faili ya .ascx na kukiweka ndani ya kurasa nyingine. Ni rahisi, unaona unachokifanya, lakini kinaishi ndani ya mradi wako. Ya pili ni darasa la msimbo unalolijenga mpaka likawa DLL, faili lililo tayari kutumika, ambalo unaweza kulipeleka katika miradi kumi, lakini kila herufi ya HTML yake unaitoa kwa msimbo. Vijana walikimbilia aina ya pili kwa sababu ilionekana ya kitaalamu zaidi. Mimi niliwaambia kwamba kama kidhibiti kitatumika katika mfumo mmoja tu, DLL ni gharama bila faida, na sijabadili mawazo.

Sasa hali. Kwa kuwa HTTP, njia ambayo kivinjari na seva huzungumza, haikumbuki chochote kati ya ombi moja na jingine, Web Forms ilikuja na ViewState, sehemu iliyofichwa ndani ya ukurasa ambamo kila kidhibiti kiliweka kumbukumbu zake zikiwa zimegeuzwa kuwa herufi za kawaida kwa mfumo wa Base64. Seva inaituma pamoja na ukurasa, na kivinjari kinairudisha kila kitufe kinapobonyezwa. Jedwali la mistari mia chache likiachwa hivyo hivyo, mtu anabonyeza kitufe kidogo cha kurekebisha mstari mmoja, na kompyuta inapakia juu kumbukumbu ya jedwali zima. Sisi tulikuwa tukinunua mega kwa mfuko wetu, kwa hiyo tulizisikia.

Dawa ya haraka ilikuwa kuzima ViewState kwa ukurasa mzima. Tuliizima, na vidhibiti tulivyonunua vikaacha kufanya kazi, kwa sababu waliovitengeneza walikuwa wamehifadhi humo hata namba ya ukurasa wa jedwali, ambayo bila hiyo kidhibiti hakijijui kilipo. Microsoft waliliona hilo, na katika toleo la 2.0, mwaka 2005, wakaongeza hali ya kidhibiti, iliyo kando na ViewState, ambayo mwenye ukurasa hawezi kuizima. Humo mtengenezaji aweke kile tu ambacho kidhibiti hakiwezi kuishi bila hicho, na mengine yote ayaache mahali ambapo mwenye ukurasa ana mamlaka. Kwa maneno mengine, walilazimika kuyatenganisha madaftari yako mawili ndani ya mashine yenyewe.

Na seshoni, kumbukumbu ambayo seva inamwekea kila mtumiaji, nayo msiisahau. Muda wake wa kawaida ulikuwa dakika 20, na tulikuwa tumeiweka ndani ya kumbukumbu ya programu yenyewe. Mtunza stoo alikuwa akijaza orodha ndefu ya bidhaa zilizoingia, akienda kula, akirudi hakuti kitu. Umeme ukikatika na seva ikawaka upya, wote wanapoteza, hata yule aliyekuwa akiandika dakika hiyo. Tulihamishia seshoni kwenye hifadhidata ya SQL Server, ikapona kukatika kwa umeme, lakini hapo kila kitu kilichokuwa ndani ya seshoni kikabidi kiwe cha aina inayoweza kuandikwa na kusomwa upya, na tuligundua kwamba wenzetu waliotangulia walikuwa wametupia humo hata viunganishi vya hifadhidata.

Fundi wa Kamalondo, Lubumbashi

Asante sana, mzee wangu. Hilo la viunganishi vya hifadhidata ndani ya seshoni limenichekesha na kunitisha. Kuhusu mtunza stoo aliyekwenda kula: sisi tumekubaliana kwamba kazi ya zaidi ya dakika tano haiishi katika kumbukumbu ya mtu yeyote, si ya seva wala ya kivinjari. Inakuwa rasimu katika hifadhidata, yenye mstari wake na jina la aliyeianzisha.

Binti wa Himbi, Goma

Yaya, naomba nikupinge kidogo kwa heshima. Ikiwa shida ni madaftari mawili, kwa nini usiweke kila kitu katika daftari moja kubwa tangu siku ya kwanza? Redux, maktaba ya kutunza hali, ipo tangu 2015 na ilitengenezwa kwa wazo hilo hilo: hali yote mahali pamoja, na kila badiliko linapita mlango mmoja unaoweza kuutazama. Mimi nimejifunza hivyo, na ninapotafuta kosa naweza kurudi nyuma hatua kwa hatua mpaka nione nani alibadilisha nini.

Fundi wa Kamalondo, Lubumbashi

Dada, hoja yako ina nguvu, na ule mlango mmoja nauonea wivu kila nikitafuta kosa. Ninachokikataa ni neno "yote". Katika depo yetu nikiweka humo maandishi ya kisanduku cha kutafutia, kila herufi ya keshia inakuwa tukio la programu nzima, na orodha ya matukio unayotaka kuirudia nyuma inajaa a, am, amo, amok. Hakuna mwingine duniani anayeyahitaji hayo maandishi isipokuwa kisanduku chenyewe.

Jambo zito zaidi ni stoo. Idadi ya boksi zilizobaki si hali yangu. Ni hali ya hifadhidata, na kilichoko kwenye kivinjari ni picha iliyopigwa saa fulani. Ukiiweka katika daftari lako kubwa pamoja na vitu vyako vya kweli, baada ya mwezi mmoja utasahau kwamba ni picha. Keshia wa dirisha la pili ameuza boksi tatu za mwisho, na wewe skrini yako bado inasema tatu. Kwa hiyo data inayotoka kwenye seva tunaiwekea saa ya kuchukuliwa, inachukuliwa upya mtu akirudi kwenye dirisha, na wakati wa kuuza seva ndiyo inayokata maneno, si skrini.

Vichujio vya orodha ya mauzo, kama tarehe na namba ya ukurasa, tumeviweka katika anwani ya ukurasa yenyewe. Mama mwenye depo anainakili anwani na kuituma kwa mhasibu, na mhasibu anaona orodha ile ile bila kuelezwa. Hilo halikuhitaji maktaba yoyote. Baada ya kuondoa hayo yote, kilichobaki kwa daftari kubwa kilikuwa aliyeingia ni nani, dirisha lake la malipo, na rasimu iliyo wazi. Kwa vitu vitatu sikuona sababu ya Redux. Mfumo wako ukiwa na skrini ishirini zinazogusana, huenda ukanishinda kwa hoja, nami nitakubali.

Binti wa Himbi, Goma

Nimekuelewa kuhusu stoo. Na mtandao ukikatika katikati ya rasimu?

Fundi wa Kamalondo, Lubumbashi

Hapo tunaandika nakala ya dharura katika `localStorage`, hifadhi ndogo ya ndani ya kivinjari, na nilijikwaa vilevile. Inashika maandishi tu, nafasi yake ni kama megabaiti 5 kwa tovuti, ambayo kwetu ni tele, lakini ni mali ya kivinjari wala si ya mtu. Makeshia wawili wanapokezana kompyuta moja saa nane mchana. Yule wa jioni aliingia kwa jina lake akakuta rasimu ya yule wa asubuhi, akaiuza akidhani ni ya mteja aliyesimama mbele yake. Sasa ufunguo wa kila nakala una namba ya keshia ndani yake, na nakala inafutwa seva ikishathibitisha kwamba imepokea. Majina ya wagonjwa hayaingii humo hata kidogo.

Mwana Rwashi, Lubumbashi

Niongeze la tarehe, kwa kuwa uzi ulianza kwa kulitaja. Tulinunua kidhibiti kizuri cha kalenda kwa ajili ya tarehe za mwisho wa matumizi ya bidhaa. Ukichagua tarehe 30, kinakupa, si tarehe, bali nukta ya wakati: saa sita usiku ya kuamkia tarehe 30, kwa saa za hapa. Lubumbashi iko saa mbili mbele ya UTC, saa ya kimataifa, kwa hiyo JavaScript ikiigeuza kuwa JSON, maandishi ya kutumwa kwa seva, inaandikwa saa nne usiku ya tarehe 29. Seva yetu ilikata herufi kumi za mwanzo na kuhifadhi 29. Ukifungua tena fomu, kidhibiti kinairudisha kwenye usiku wa manane wa hapa, na ukihifadhi bila kugusa chochote inakuwa 28. Kinshasa iko saa moja mbele ya UTC, kwa hiyo wenzetu wa huko walipata kosa hilo hilo. Aliyetuuzia alijaribu kwenye kompyuta iliyowekwa saa za UTC, akasema kwake ni sawa, na alikuwa akisema kweli.

Fundi wa Kamalondo, Lubumbashi

Huo ni mfano bora kuliko wangu, kaka. Kidhibiti kilichagua aina ya hali bila kuwauliza. Tarehe ya mwisho wa matumizi haina saa, kwa hiyo isipewe saa. Sisi tumerudi kwenye kisanduku cha tarehe cha HTML chenyewe, ambacho kinatoa maandishi ya mwaka, mwezi na siku, na yanabaki maandishi hadi ndani ya hifadhidata. Ila nisifiche: namna kinavyoonekana inafuata lugha ya kivinjari, na kompyuta moja ya depo iliyowekwa Kiingereza cha Marekani inaonyesha mwezi kabla ya siku. Niliibadilisha lugha ya kivinjari, sikubadilisha kidhibiti.

Mzee wa Ibanda, Bukavu

Na kitufe cha kuuza? Mtandao ukiwa mzito, keshia atakibonyeza mara mbili.

Fundi wa Kamalondo, Lubumbashi

Kukizima baada ya kubonyezwa mara ya kwanza hakukutosha, mzee, kwa sababu akipakia upya ukurasa kinawaka tena. Rasimu inapozaliwa, kivinjari kinaipa namba ya bahati nasibu inayokaa nayo mpaka mwisho, na seva ikiona namba hiyo kwa mara ya pili inarudisha ankara ile ile bila kuuza tena.

Nilitumia `crypto.randomUUID`, kazi ya kivinjari ya kutoa namba kama hiyo. Kwangu nyumbani ilifanya kazi, lakini depo ikanipigia simu asubuhi kwamba rasimu hazifunguki. Kule kompyuta za makeshia zinafika kwenye seva iliyo chini ya kaunta kwa anwani ya http tupu ndani ya mtandao wa ndani, na kivinjari hakitoi kazi hiyo nje ya https, isipokuwa kwa localhost, ambayo ndiyo niliyokuwa nikiijaribia. Kwa leo nimeijenga namba kwa `crypto.getRandomValues`, ambayo inapatikana hata kwenye http, na rasimu zinafunguka. Jumamosi depo ikifungwa mapema nitaweka cheti cha https kwenye seva.